Mpunga Nilioukata Nyangwe

Mama aliisukuma sahani ya wali kwa mgongo wa mkono mpaka ikamfikia mjukuu wake, kisha akasema, "Miye siwezi kula. Mpunga yangu kule inainamisha vichwa, na sijaionja bado."

Ilikuwa wiki ya tatu ananiambia maneno hayo hayo. Mimi nilikuwa nimetoka kufundisha watoto sitini tangu asubuhi, koo limekauka kwa chaki, sikuwa na subira iliyobaki. Nilimwambia kwamba mchele ni mchele. Aliniangalia kana kwamba nimetukana kanisani.

Ni lazima nieleze desturi yenyewe, maana hata mume wangu, mtu wa mjini aliyekula wali tangu aote meno, alishindwa kuielewa. Kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kwa mguu ukishatoka Kabambare, mpunga ukianza kuinamisha mashuke mwanamke mkubwa wa kila familia huacha kula wali. Si wali mpya tu, ni wali wowote: wa mwaka jana, wa kununua, wa kupewa msibani. Anangoja shamba lake. Siku likiwa tayari anaingia peke yake asubuhi, umande haujakauka, na kisu kidogo kinachofichika kiganjani, anakata shuke moja moja mpaka mkono wa kushoto ushindwe kushika zaidi. Konzi hiyo ndiyo inayofungua mavuno. Kabla yake hakuna wa nyumbani anayegusa mpunga mpya, na hata kuku wakiusogelea wanafukuzwa kwa mawe.

Nilipokuwa mdogo niliipenda siku hiyo kuliko Krismasi. Mama alirudi kutoka shambani bila kusalimia mtu njiani, sisi watoto tukimfuata nyuma kimya, tumebanwa na kicheko. Yale mashuke bado yalikuwa na ubichi. Aliyapukuchua, akayakaanga kwenye chungu kikavu mpaka yakaanza kurukaruka, akayatwanga yangali moto, punje zikalala bapa. Hiyo tuliita pepeta. Tulipewa ukufi mmoja mmoja na karanga juu yake, tukaila tumesimama. Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa sikukuu yenyewe. Kila nyumba ilibeba mganda wake kanisani, umefungwa kwa majani ya mchikichi, wanawake wamevaa vitenge vya aina moja na ngoma imewekwa mlangoni. Katekista alinyunyiza maji juu ya mpunga na juu yetu bila kuchagua. Kisha watu walitawanyika majumbani kula wali mpya kwa kuku na mawese, na wazee wakapewa malafu yao, pombe ya mchikichi, pembeni. Watoto waliokuwa wakifukuza ndege mashambani miezi miwili mizima siku hiyo walikuwa huru, na walijidai kupita kiasi.

Lakini kabla sufuria haijafunuliwa kulikuwa na jambo moja, nalo ndilo lililonileta kwenye kuandika haya. Tulikaa kuizunguka, kifuniko juu, mvuke ukitoka pembeni, na kila mtu, kuanzia mdogo, alitoa maneno. Kutoa maneno ni kusema mbele ya wote lile ulilolificha kuhusu yeyote aliye pale: ulichoiba, ulichosema nyuma ya mtu, chuki uliyoilea. Ukishasema, unasamehewa hapo hapo, hakuna kurudia. Ukinyamaza na neno lako ukala, unaharibu mwaka wa nyumba nzima. Mimi nilikuwa natoa maneno madogo madogo, sukari niliyolamba, kaka niliyemsingizia, na nilikuwa nayaandaa wiki nzima kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Mwaka mmoja baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alitazama kifuniko cha sufuria zamu yake ilipofika. Halafu akasema kwamba alisogeza mpaka wa shamba upande wa mdogo wake, hatua nne, usiku wa mvua, miaka miwili nyuma. Baba alisimama, akaenda kwa baba mdogo ng'ambo ya kijiji, wakaenda wote wawili shambani kuurudisha mpaka mahali pake. Sisi tulingoja. Hakuna aliyefunua sufuria. Waliporudi jua limeshapinda, wali umepoa na mafuta yameganda juu ya kuku, na baba mdogo akala na sisi. Nakumbuka nilinuna kwa sababu ya kuku.

Baba amekufa siku nyingi. Mwaka ninaousimulia, mama alikuwa amelima shamba lake mwenyewe kwa msaada wa jirani yake, mjane kama yeye, ambaye shamba lake liligusana na lake. Mpunga ulikuwa umefika magotini watu wa bunduki walipoingia kijijini. Sitaeleza yaliyotokea siku ile kwa sababu sikuwepo, na waliokuwepo hawapendi kueleza. Kijiji kilitoka chote. Mdogo wangu, ambaye anatengeneza moto, yaani pikipiki, Kabambare, aliwapokea mama na yule jirani kwa siku chache, kisha akawapakiza kuja kwangu Kasongo, kwa kuwa alilala chumba kimoja na vyuma vyake. Jirani alikwenda kukaa kwa binti yake, nyumba ya tatu kutoka yangu. Mama alikaa kwangu.

Hakuwa mgeni mgumu mwanzoni. Alifagia ua, akapanga upya jiko langu lote, akawaambia majirani kwamba wajukuu wake hawakulelewa. Shida ilianza mpunga ulipoinama. Alikuwa anahesabu mwenyewe kwa mwezi, bila kuona shamba, na siku moja akasema basi, hali wali tena. Na bukari, ugali wetu wa muhogo, tumbo lake halikuitaka tangu safari ile. Kila alipomeza tonge alikunjamana kwenye mkeka. Alibaki na ndizi na uji wa mahindi, vijiko vitatu, vinne. Mikono yake ikawa inaniogopesha. Nilimpeleka kituo cha afya, na muuguzi akasema tumbo limechoka, apewe wali laini na supu mpaka apate nguvu. Mama aliitikia kwa heshima zote. Nyumbani aliusukuma wali vilevile.

"Mama, utakufa," nilimwambia.

"Kama nitakufa, nikufe na mudomo safi," alijibu, akaendelea kuchambua majani ya sombe.

Nilimpigia simu mdogo wangu, nikamwomba aende kijijini, akate hata mashuke kumi. "Yaya," akasema, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, "hakuna mutu anaenda kule. Wale watu wako ndani ya mashamba. Wanakula mpunga yetu."

Hilo sikumwambia mama. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo darasani nikafundisha kutoa kwa kukopa huku kichwa kiko kwingine. Na hapo, katikati ya somo, nikajiona mwerevu. Mimi nina ugonjwa huo tangu utoto. Nikiona shida ya mtu sikai chini kumsikiliza, natafuta mlango wa nyuma.

Sokoni Kasongo hupati mpunga wa mashuke, unapata mchele uliokobolewa. Mama angetaka mashuke. Tena mpunga wake ulikuwa wa ndevu, zile nywele ndefu nyekundu zinazotoka kwenye kila punje, na angeujua hata gizani. Jumamosi nilipanda moto mpaka Nyangwe, maana kule kando ya mto watu walikuwa wanavuna kwa amani. Nilizunguka mashamba matatu, yote mpunga wa kichwa kipara. Katika la nne nilimkuta mama mmoja wa mtandio wa kijani, mtu wa msikitini, amepiga magoti anafunga miganda, na mpunga wake ulikuwa na ndevu. Moyo ulinidunda kama nimempata ndugu aliyepotea.

Aliniuliza sababu. "Hii ndege haziipendi, lakini kuitwanga ni kazi. Watu wanaiacha. Weye unaitaka ya nini?"

Nilimweleza yote. Sijui kwa nini sikumdanganya yeye. Labda kwa sababu hakuwa mama yangu.

"Basi unaenda kumudanganya muzazi wako," alisema.

"Naenda kumuponyesha."

Akaonyesha kwa kidevu upande ambao ulikuwa umeshafunguliwa. "Kata kule. Lakini miye nisikuone." Mche wa sabuni niliomletea aliukataa. Nilikata shuke moja moja, kama nilivyomwona mama akifanya, mpaka mkono wa kushoto ukajaa. Kisha nikakata miganda mitatu ya haraka haraka kwa ajili ya sikukuu, nikaifunga kwenye gunia. Njiani kurudi nilikuwa naimba. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini nilikuwa naimba.

Nilimwambia mama kwamba mdogo wangu ameingia kijijini na kukata, kwamba ameutuma na moto ya asubuhi. Aliishika ile konzi kwa mikono miwili. Aliipeleka puani. Akapitisha ndevu za mpunga juu ya shavu lake, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti yoyote, na mimi nikamgeuzia mgongo nikajifanya natafuta chumvi.

"Alikata na nani?" aliuliza.

"Na vijana wengine."

"Kwa hiyo watu wako kule."

"Wako," nilisema. Neno moja tu hilo. Kama ningeweza kulirudisha kinywani kwa vidole ningelirudisha.

Jumapili tulifanya sikukuu kwenye ua wangu. Walikuja wanawake sita, saba wa kijijini kwetu waliotawanyika mtaani, na yule jirani wa shamba pamoja na binti yake aliyebeba kichanga mgongoni. Hatukuwa na vitenge vya aina moja, lakini walijifunga vichwa kwa namna moja, na mmoja akapiga ndoo ya plastiki badala ya ngoma. Mama alikaanga pepeta mwenyewe. Nguvu za kuinua mchi zilitoka wapi sijui. Waliimba nyimbo za kufukuzia ndege, na wanangu, ambao hawajafukuza ndege maishani mwao, walirukaruka kama wamezaliwa shambani. Mume wangu alileta kuku wawili akakaa pembeni akitabasamu, mgeni nyumbani kwake. Kama kuna siku ambayo nimewahi kumwona mama akiwa na furaha Kasongo, ilikuwa hiyo.

Kisha tukaizunguka sufuria.

Wanangu walitoa maneno yao, watu wakacheka. Binti wa jirani akasema aliwahi kulalamika kwamba mama yake anakula sana. Mama yake akampiga kofi dogo la mgongo, yakaisha. Zamu yangu ikafika. Mikono yangu ilikuwa imekaza upindo wa kitenge. Nilikuwa na neno, lilikuwa pale pale juu ya ulimi, na sufuria ilikuwa inanukia, na mama alikuwa amepinda kichwa akinisikiliza na ile mifupa ya shingo imemtoka. Nilijiambia, akishakula, nguvu zikirudi, nitamwambia. Nikasema: "Mama, nilikasirika kwa sababu ulipanga jiko yangu bila kuniuliza, nikakusema kwa mume wangu."

Vicheko. Mama alicheka kuliko wote. "Jiko yako ilikuwa kama ya mutu aliyehama," alisema. "Nimesamehe."

Akafunua sufuria, akaonja, akafumba macho. Yule jirani akaonja baada yake. Walitazamana wale wajane wawili na kuitikia kwa kichwa kwa pamoja. Mama alikula sahani nzima siku hiyo, na ya pili. Mimi nilikula pia. Ulikuwa wali mtamu.

Siku nne mfululizo alikula asubuhi na jioni, na nilijipongeza kila nilipoosha sahani yake. Sikuona kwamba alikuwa anakula kama mtu anayejitayarisha. Asubuhi ya siku ya tano mwanangu mkubwa alikuja mbio mpaka mlango wa darasa langu. Bibi amefunga mizigo yake, alisema, yuko kituo cha moto na yule mama mwingine, wanakwenda kuvuna.

Niliacha watoto sitini na chaki mezani. Nilikimbia soko zima nimevaa blauzi ya kazi. Niliwakuta wameshapakiwa, kila mmoja nyuma ya motari wake, mama amekumbatia fungu lake mbele ya kifua, kisu chake kidogo kimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Alipoiona sura yangu alitabasamu kama mtu aliyeshikwa akitoroka.

"Mpunga haingoji mutu," alisema. "Kama mudogo wako ameingia, na vijana wameingia, njia iko wazi. Kama ningekuambia, ungenifunga."

"Mama, ushuke. Ile mpunga haikutoka kwako. Niliikata Nyangwe. Na mikono yangu."

Alicheka. "Unataka nibaki. Najua, mama," aliniita hivyo kwa upendo, kama anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Nitarudi sikukuu ingine."

"Nasema kweli! Hakuna mutu ameingia kule. Wale watu wa bunduki wako ndani ya shamba yako."

Kicheko kilimtoka usoni polepole, lakini haikuwa kwa sababu aliniamini. Alinionea huruma. "Ile siku tulikaa mbele ya sufuria," alisema. "Watoto walisema, wakubwa walisema. Weye ulisema ya jiko. Baba yako alitoa maneno mpaka chakula ikapoa. Weye ni mutoto yake. Ungekuwa na neno kubwa hivi, ungelitoa pale. Sasa unasema juu ya kunizuia, na miye nakusamehe, kwa kuwa ni woga."

Nilimgeukia yule jirani. Nilimshika mkono. "Mama, weye unisikilize. Niliwadanganya."

"Miye nilikula," alijibu kwa upole. "Ilikuwa ya kwetu. Ulimi yangu haisahau."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Niliapa. Nilimshika motari kola, nikamwambia asiwashe. Nililia kama mtoto, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kuniona mtoto anayeng'ang'ania mama. Motari mmoja akasema, mwalimu, waache wazazi waende kwao. Mama akanifuta uso kwa kiganja, akamgonga kijana bega, na moto zikaondoka. Nilizifuata kwa miguu mpaka nikaishiwa pumzi, na watu wa barabarani wakawa wananipisha.

Simu ya mdogo wangu haikupatikana siku nzima. Kutoka Kasongo mpaka Kabambare, barabara ilivyo, watu wanalala njiani, kwa hiyo nilijua nina muda mpaka kesho yake. Nilipiga tangu alfajiri. Rezo, mtandao wa simu, ilikubali kama saa nne ya asubuhi. Nilimweleza kwa maneno machache, na yeye akasema, "Yaya, umefanya nini?" akakata, akakimbilia barabarani.

Moto ya mama ilikuwa imepasuka gurudumu, ikafika imechelewa. Mdogo wangu alimsimamisha katikati ya njia. Alipomuuliza kuhusu mpunga, mama alimwambia, ule ulionitumia. Akamjibu kwamba hajatuma hata punje moja, hajakanyaga kule tangu watu watoke. Yeye, mama alimwamini. Aliniambia kwamba mama alishuka akakaa chini, pale pale kwenye udongo, fungu likiwa bado mikononi, na neno la kwanza alilolisema lilikuwa: "Mwenzangu ameshapita."

Alikuwa ameshapita. Hakuwa na mtu wa kumsalimia Kabambare, na moto yake haikupata shida njiani, kwa hiyo alimwambia motari waendelee moja kwa moja. Kesho yake yule motari alirudi kwa mguu, bila moto, bila viatu. Alisema walisimamishwa mahali njia inapoingia mashambani. Walimwambia akimbie, akakimbia. Mama yule alibaki ameshika mzigo wake.

Zaidi ya hapo hatujui. Mdogo wangu ameuliza kwa kila aliyetoka upande ule. Mmoja alisema alimwona akipika kwenye kambi yao, mwingine akasema hapana, alikuwa mwanamke mwingine, mfupi kuliko huyo.

Nilikwenda kwa binti yake. Nilitaka azipate kwangu mwenyewe habari hizi, asizisikie kisimani. Alikuwa anafua. Nilimweleza tangu mwanzo, Nyangwe, gunia, sufuria, na hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: "Na weye ulikula?" Nikasema nilikula. Alikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, akambeba mtoto wake, akaingia ndani. Tangu siku hiyo nikipita anainama kwenye kazi yake. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningetupa mawe.

Mama hakurudi Kasongo. Nilituma ujumbe, nilituma nguo, hakukataa, hakujibu. Likizo ya Pasaka nilipanda moto nikamfuata. Nilimkuta amekaa mbele ya banda la mdogo wangu, kando kabisa ya barabara, kwenye kigoda kilichogeuzwa kuelekea upande wa kijijini. Alikuwa amenenepa kidogo. Mke wa jirani wa mdogo wangu alileta chakula mchana, wali wa sokoni, wa zamani, wenye mawe, na mama aliula wote bila kuuliza ulitoka wapi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Niliitamani. Njia nzima nilijisemea maneno ambayo angenipiga nayo, moja baada ya jingine. Badala yake aliniuliza hali za watoto, akauliza kama jiko bado liko alivyolipanga. Kila moto iliyotokea upande ule aliinua mkono ikasimama, akamuuliza motari swali lile lile, akashukuru, akashusha mkono. Wote walikuwa wanamjua. Wengine walipunguza mwendo kabla hajainua mkono, wakatikisa kichwa.

"Mama, twende nyumbani," nilimwambia siku ya tatu. "Ni miye nilifanya hii. Si weye. Miye nitakaa hapa, nitauliza."

"Weye ulidanganya mama yako," alisema. Sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo. "Hiyo ni yetu wawili, na nimesamehe. Lakini yeye hakutaka kuja. Alisema tungoje wiki mbili, tusikie habari. Miye nilikwenda kwake asubuhi na mapema, nikamuamsha, nikamuambia njia iko wazi."

Nilisema tena kwamba ni kosa langu. Nililisema mara nyingi. Alinyanyua mkono, moto ikasimama, akauliza, akashukuru.

"Akirudi," alisema, "anikute hapa."

Nilikaa naye mpaka Jumamosi asubuhi. Kisha nikapanda moto nikarudi Kasongo, maana Jumatatu shule ilikuwa inafunguliwa.